Wailokano: Watu wa Ukanda Mwembamba wa Luzon

Wailokano ni watu wa kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Luzon, nchini Ufilipino. Asili yao ni ukanda mwembamba wa pwani uliobanwa kati ya Bahari ya China Kusini na milima ya Cordillera, katika majimbo ya Ilocos Norte, Ilocos Sur na La Union. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 8, na wengi wao wamekwishauhama ukanda huo.

Ardhi yao ni finyu, kiangazi ni kirefu, na masika huja na tufani. Wafilipino wenzao huwaita wabahili, lakini jina hilo haliwatendei haki. Wanachojua ni kutotupa kitu. Mlo wao wa kila siku, dinengdeng, ni mboga za uani zilizochemshwa kwa maji na kukolezwa bagoong, yaani samaki waliochachushwa kwa chumvi. Mboga zenyewe msomaji wa Afrika Mashariki anazifahamu: mlenda, majani ya mlonge, bilinganya, karela.

Tabia yao inaonekana vizuri zaidi kwenye zanjera, vyama vya umwagiliaji vilivyokuwapo tangu enzi za Wahispania. Wakulima wasio na ardhi walipatana na mwenye ardhi: wao wachimbe mifereji na kujenga banio, naye awape sehemu ya shamba walime. Fungu la kila mwanachama hukatwa vipande, kimoja karibu na banio, kingine katikati, kingine mwisho wa mfereji, ili maji yakipungua shida iwapate wote. Viongozi nao hulipwa kwa vipande vya mwisho kabisa. Wasipohakikisha maji yanafika mkiani, mashamba yao ndiyo yanayokauka kwanza. Kwenye mto wa Bacarra-Vintar, banio la mianzi, mawe na mchanga lilikuwa likisombwa na mafuriko karibu kila mwaka, pengine mara tatu au nne, na kila mara wanachama walirudi mtoni kulijenga upya. Watu wanaoishi hivyo hawawezi kuitwa wachoyo.

Wahispania waliingia Ilocos mwaka 1572 wakiongozwa na Juan de Salcedo, na Vigan ukawa mji wao mkuu huko. Utiifu haukuwa wa hiari. Diego Silang, aliyeongoza uasi dhidi yao, alipouawa mwaka 1763, mkewe Gabriela aliuendeleza hadi aliponyongwa Vigan mwaka huohuo. Mwaka 1786 serikali ilijitwalia biashara ya basi, pombe ya miwa inayoivishwa mitungini, na watu wakazuiwa kujitengenezea wenyewe. Septemba 1807 wakulima wa Piddig waliinuka, wakateremka kusini hadi waliposhindwa kwenye mto karibu na San Ildefonso. Mchoraji Esteban Villanueva alivieleza vita hivyo mwaka 1821 kwa picha 14, na ndani yake imo nyota yenye mkia iliyoonekana angani mwaka 1807.

Lugha yao, Kiiloko, ni ya jamii ya Kiaustronesia, hivyo ina udugu wa mbali na Kimalagasi cha Madagaska. Padri Francisco López alichapisha katekisimu ya Kiiloko mwaka 1621. Utenzi mkuu ni Biag ni Lam-ang, wa shujaa anayesema siku ya kuzaliwa na kujichagulia jina, kisha anamezwa na samaki na kufufuliwa kutoka mifupa yake. Isabelo de los Reyes aliuchapisha katika gazeti lake, El Ilocano, alilolianzisha mwaka 1889. Jarida la Bannawag, lililoanza mwaka 1934, limelea waandishi wa Kiiloko kizazi baada ya kizazi.

Ufinyu wa ardhi uliwasukuma kwanza bonde la Cagayan na nyanda za kati za Luzon, baadaye ng'ambo. Desemba 1906 wanaume 15 walishuka Honolulu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa; maelfu wakafuata, wengine wakaendelea hadi California. Waliozeeka huko bila mke wala mtoto waliitwa manong, yaani kaka mkubwa, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake nyumbani Ilocos. Mhamiaji mwingine wa Kifilipino, Larry Itliong, aliongoza mgomo wa wavuna zabibu wa Delano, California, mwaka 1965. Wafilipino wengi wa Hawaii leo wana asili ya Ilocos, na Chuo Kikuu cha Hawaii kilichoko Manoa hufundisha Kiiloko hadi ngazi ya shahada.