Mteremko wa Armagh na Breki ya Gari la Moshi

Jina "gari la moshi" lataja kitu kionekanacho kwa mbali. Lakini kile kilicho chini ya gari, ambacho uhai wa wasafiri wategemea, twakiita kwa neno la kuazima tu, "breki", wala si wengi wanaolitafakari. Twapenda kueleza hapa jinsi chombo hicho kilivyopata kuamriwa na sheria ya Uingereza mwaka 1889. Habari hii yawahusu waalimu na wachungaji kuliko watu wengi, kwa maana sheria haikutungwa mpaka watoto wa shule ya Jumapili, pamoja na wakubwa waliowaongoza, walipokufa njiani.

Mtu akiuliza ni wapi penye hatari katika reli, aghalabu huonyeshwa mteremko mkali. Wajenzi wa reli itokayo Mombasa walikuwa na mahali kama hapo, penye ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Kikuyu. Mwaka 1900 na 1901, njia ya kudumu ilipokuwa haijamalizika, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma, na pengine mteremko ulikaribia futi moja kwa kila futi mbili. Kwa kazi hiyo yalifanywa magari ya ajabu: magurudumu yalifuata mteremko, bali sakafu ilikuwa sawasawa kama meza. Behewa zima likawekwa juu yake, likashuka bila kuinama, mithili ya mtu achukuliwaye kitini. Mahali pa namna hiyo kila mtu huwa na hadhari. Mteremko wa Armagh, katika Ireland, ulikuwa futi moja tu kwa kila futi 75. Mtu aendaye kwa miguu asingeona taabu yo yote.

Siku ya Jumatano, tarehe 12 Juni 1889, shule ya Jumapili ya Wamethodisti wa Armagh iliondoka kwenda kutembea Warrenpoint, pwani. Watoto, wazazi na waalimu walipita 900. Mabehewa yalikuwa 13, nayo hayakutosha, yakaongezwa mawili. Dereva akanung'unika, kwani aliambiwa mapema kwamba ni 13 tu, na injini yake haikuwa na nguvu nyingi. Maneno yake hayakufaa kitu. Milango ikafungwa kwa ufunguo, asije akapanda mtu asiye na tikiti. Neno "behewa" zamani lilikuwa jina la ua wa ndani wa nyumba kubwa ya mawe, na asubuhi ile jina lilipatana sana na kitu chenyewe: waliomo hawakuwa na njia ya kutoka.

Gari likapanda polepole, hata likasimama karibu na kilele. Karani mkuu wa reli, aliyesafiri nao kama msimamizi, akaamuru ligawanywe: injini ipeleke mabehewa matano ya mbele hata stesheni iliyo karibu, kisha irudi kuchukua kumi yaliyosalia.

Hapa yatupasa kueleza breki ilivyokuwa. Gari lile lilikuwa na breki iliyofanya kazi kwa kunyonya hewa katika bomba lililopita chini ya mabehewa yote. Injini iliponyonya, breki zilikaza. Bomba lilipokatika, zililegea zote. Basi siku ile walipofungua kiungo kati ya behewa la tano na la sita, mabehewa kumi yaliachwa bila breki, isipokuwa ile ya mkono katika behewa la gadi, mwisho kabisa. Wakatia mawe chini ya magurudumu. Ilikuwa imekwisha kubuniwa breki nyingine, iliyo kinyume chake: ndani yake upungufu wa hewa ndio uzuiao breki zisikaze, na bomba likikatika hewa huingia yenyewe, breki zikakamata kila gurudumu. George Westinghouse wa Marekani alikwisha tengeneza breki yenye tabia hiyo hiyo, ingawa kwa hewa iliyoshindiliwa, tangu mwaka 1872. Twaona kwamba tofauti ya breki hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti ya chombo kizuri na kibaya. Moja humtaka mtu asikosee. Nyingine hukubali kwamba atakosea.

Injini ilipojaribu kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa mabehewa kumi. Mguso ule mdogo ukatosha. Mawe yakasagika, magurudumu yakaanza kuzunguka. Gadi akajitahidi kukaza breki ya mkono, asiweze. Mabehewa yakashuka kwa kasi iliyozidi kila hatua, yapata maili moja na nusu, na nyuma yao gari jingine la abiria lilikuwa linapanda. Lilikuwa limeondoka Armagh dakika ishirini na kitu baada ya lile la kwanza, kwa sababu desturi ya njia ile ilikuwa kupima nafasi kwa saa tu. Hapakuwa na simu ya kuuliza kama njia i wazi. Dereva wake aliyaona mabehewa, akapunguza mwendo hata likawa kama mtu atembeaye. Yakagongana. Mabehewa ya mwisho ya watoto yakavunjika vipande vipande. Gari la pili nalo lilikatika, na sehemu zake zikaanza kurudi nyuma kuelekea Armagh. Lakini hizo zilikuwa fupi, breki za mkono zikazisimamisha. Watu 80 walikufa, na waliojeruhiwa walipata 260.

Karani mkuu alishitakiwa. Baraza la kwanza halikupatana, la pili likamwachilia. Sisi hatuoni ajabu. Amri yake ilikuwa mbaya, walakini waliompa gari la namna ile hawakusimama mbele ya hakimu. Breki zilikuwa zimejaribiwa hadharani huko Newark, Uingereza, mwaka 1875; wakaguzi wa serikali walikuwa wakizisihi kampuni miaka mingi, na kampuni nyingi zikajibu kwa habari ya gharama. Serikali iliweza kushauri, haikuweza kuamuru.

Baada ya Armagh, sheria ilipitishwa tarehe 30 Agosti 1889, kabla miezi mitatu haijatimia. Ilitaka mambo matatu kwa njia za abiria: breki ya mfululizo itakayokaza yenyewe kiungo kikikatika, gari lisiingie katika sehemu ya njia mpaka lile la mbele limekwisha toka, na ishara zifungamane na reli za kugeuzia njia, zisiweze kupingana. Katika hayo hapana hata moja lililobuniwa mwaka ule. Yote yalikuwa yakijulikana, na baadhi ya kampuni zilikuwa zikiyatumia kwa hiari.

Mwaka 2014, ilipotimia miaka 125, watu wa Armagh walisimamisha sanamu mjini mwao, katika uwanja uitwao The Mall. Ni msichana mdogo, mkononi ana ndoo na koleo la kuchezea mchanga wa pwani.