Mgiriki na hati, manamba na kipande

Kwenye historia tunasoma wahamiaji, na mimi mtu wa Kilosa siendi mbali, naanzia mkonge wa Kimamba.

Wageni walikuwa wa aina mbili. Wagiriki walipata mashamba, mengine yakiwa yale waliyonyang'anywa Wajerumani baada ya vita ya 1914-18. Manamba walitoka Songea, Kigoma, hata Burundi, wengi wakiandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanza 1944. Hao walipewa namba na kipande cha siku 30, hujakijaza, hulipwi.

Miaka ya 60 nyuzi za sintetiki zikaangusha bei ya mkonge, na 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi. Wagiriki wengi wakaondoka, si walikuwa na nauli na pa kwenda bwana. Manamba wengi wakabaki, wakaoa, wakalima mahindi, wakawa wenyeji.

Mi naona tofauti yote ilianzia kwenye karatasi: mmoja hati, mwenzie kipande. Leo mjukuu wa manamba akiulizwa hati ya anapolima, jamani, ataonyesha kipande cha babu? Mnasemaje wadau?