Fimbo ya Kura za Madiwani

Uchaguzi wa madiwani wengi wetu huuona mdogo. Hatukeshi kusubiri matokeo ya kata kama tunavyokesha kusubiri ya urais. Lakini anayetaka kujua kama wananchi wamekichoka chama kikubwa, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Huko Uingereza, Mei 1995, chama cha Conservative kilipoteza madiwani zaidi ya 2,000 kwa siku moja. Miaka miwili baadaye kikaondolewa madarakani.

Leo, hata hivyo, nataka tuwatazame ndugu zetu wa ANC. Nasema ndugu zetu kwa sababu tuliishi nao. Wapiganaji wao walipiga kambi Kongwa, mkutano wao mkubwa wa 1969 ulifanyika Morogoro, na vijana wao walisoma Mazimbu. Kwa hiyo tarehe 3 Agosti 2016, ANC ilipoadhibiwa katika miji mikubwa ya Afrika Kusini, wengi wetu huku tulishtuka. Rais Jacob Zuma alizoea kusema kwamba chama chake kitatawala mpaka Yesu atakaporudi.

Mimi kilichonishtua zaidi ni mahali penyewe. Manispaa ya Nelson Mandela Bay, yaani mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth na miji ya jirani, iko katika jimbo la Rasi ya Mashariki, alikozaliwa Mzee Mandela. Mwaka 2011 ANC ilipata huko asilimia 52 hivi. Mwaka 2016 iliambulia 41, na DA ikapata karibu 47. Si kwamba chama hakikuiona hatari. Mwaka 2015 kilimweka umeya Danny Jordaan, yule aliyesimamia maandalizi ya Kombe la Dunia la 2010, ili aokoe jahazi. Hakuweza.

Huko Tshwane, ndiko Pretoria iliko, wakubwa wa chama walimteua mgombea umeya ambaye wanachama wengi wa pale hawakumtaka. Mwezi Juni mabasi yalichomwa moto na watu wakafa. Agosti DA ikaongoza. Johannesburg ANC iliongoza, lakini haikufika nusu ya kura. EFF ya Julius Malema ikawapigia DA, na umeya ukaenda. Nchi nzima ANC iliteremka kutoka asilimia 62 hadi 54.

Sababu zilijulikana. Mwezi Machi mwaka huo Mahakama ya Katiba ilikuwa imeamua kwamba Zuma alivunja katiba katika suala la fedha za umma zilizotumika nyumbani kwake Nkandla. Kulikuwa na rushwa, ukosefu wa kazi na huduma mbovu za manispaa. Lakini tazameni jambo hili: jina la Zuma halikuwamo katika karatasi ya kura. Waliochapwa ni madiwani, na baadhi yao, naamini, walikuwa watu wazuri tu.

Tena wafuasi wengi wa ANC katika vitongoji vya Waafrika hawakwenda kumpigia mpinzani. Walibaki nyumbani, huku wa mitaa ya wenye nafasi wakipanga foleni. Namwelewa mtu wa namna hiyo. Mkono unakuwa mzito kukipigia chama alichokiogopa babu yake, na mzito vilevile kukipigia kile kilichomwangusha. Lakini kiti hakibaki wazi kwa sababu yeye hakutoka. Anayeshinda huchaguliwa na waliotoka, na shida za mtaa wa aliyelala hazimhusu sana.

Adhabu ile haikuleta utulivu. Agosti 2018, meya Athol Trollip wa DA aling'olewa huko Nelson Mandela Bay kwa kura ambazo EFF iliziunga mkono, EFF ileile iliyomsaidia kuingia. Wananchi wakaona mameya wanapishana na mabomba bado yanavuja.

Novemba 2021 waliojitokeza kupiga kura hawakufika nusu ya walioandikishwa, na ANC ikashuka chini ya asilimia 50 nchi nzima kwa mara ya kwanza. Hapo Luthuli House, makao makuu ya chama, hakuna aliyeweza tena kusema hakuonywa. Mei 2024, katika uchaguzi wa bunge, ikapata asilimia 40, na ikabidi iwaite DA waunde serikali pamoja.