Pango au mvungu?

Filamu za wanyama zikitafsiriwa, dubu mweusi wa Marekani hulazwa “pangoni”. Pango humpa msomaji picha ya mwamba. Katika vinamasi vya Louisiana, ambako mafuriko huja wakati wa baridi, dubu jike hupanda msaipresi mkubwa na kuzaa ndani ya shina lililo wazi, juu ya maji. Huo ni mvungu, neno lile lile la kitandani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtafiti wa dubu huyu sharti apande. Tangazo la 1992 lililomtambua dubu wa Louisiana kuwa anatishiwa kutoweka lililinda hata miti yenye mivungu. Aliondolewa orodhani mwaka 2016.