Karatasi za Nelson Riddle

Wimbo wa "Mona Lisa" ulipovuma Marekani mwaka 1950, hapakuwa na asiyejua kuwa mwimbaji ni Nat King Cole. Aliyetaka kujua okestra iliyomsindikiza ni kazi ya nani alisoma kibandiko cha santuri akakuta jina la Les Baxter. Kumbe mpangilio wenyewe uliandikwa na kijana ambaye hata miaka 30 alikuwa hajatimiza, Nelson Riddle, aliyekodiwa kuandika kwa niaba ya mwingine. Alipokea ujira wake akaondoka. Wimbo ukapanda hadi namba moja, ukatwaa na tuzo ya Oscar, naye jina lake halikutajwa popote.

Ndivyo ilivyokuwa kazi ya kupanga muziki enzi za swing. Mtunzi alileta sauti na maneno, mwimbaji akaleta koo lake, na kati yao akaketi mtu mmoja usiku kucha akiamua saksafoni ziingie wapi, fidla zinyamaze lini, tarumbeta zizibwe au ziachwe wazi. Akimaliza, karatasi zilikwenda kwa mnakili wa noti, na kesho yake wanamuziki wakazikuta zimewekwa mbele ya viti vyao. Kwetu pia mambo hayako mbali na hapo: nyimbo za dansi tunaziita kwa majina ya waimbaji, na aliyepanga safu ya ala za kupuliza mara nyingi wanamjua wanabendi wenzake tu.

Riddle alizaliwa New Jersey tarehe 1 Juni 1921. Ala yake ilikuwa tromboni. Upangaji alianza kufundishwa na Bill Finegan, aliyekuja kuandika kwa ajili ya bendi ya Glenn Miller, kisha akapitia bendi ya Charlie Spivak na ya Tommy Dorsey, ambaye naye alikuwa bingwa wa tromboni. Baada ya kutumikia jeshi alihamia Los Angeles, akasoma kwa Mario Castelnuovo-Tedesco, mtunzi Mwitaliano wa asili ya Kiyahudi aliyeukimbia ufashisti mwaka 1939. Kwa mzee huyo walipita pia Henry Mancini na John Williams. Kwa hiyo Riddle alikuwa na silsila mbili: moja ya kumbi za dansi, nyingine ya Debussy na Ravel. Anayemsikiliza kwa makini husikia zote mbili ndani ya wimbo mmoja.

Frank Sinatra alikutana naye studio tarehe 30 Aprili 1953. Wakati huo Sinatra alikuwa ameanguka. Kampuni yake ya zamani ilikuwa imemwacha na Capitol ikamchukua kwa tahadhari. Alitarajia mipangilio ya mpangaji mwingine, Billy May, na nyimbo mbili za siku hiyo zilipangwa kwa mtindo wa May kweli. Zilizobaki Riddle alizipanga kwa mkono wake mwenyewe, mojawapo ikiwa "I've Got the World on a String". Husimuliwa kwamba Sinatra alipousikia ukichezwa tena aliuliza ni nani aliyeuandika. Tangu hapo wakafuatana kwa miaka mingi, na ndani ya miaka mitano zikatoka albamu za "In the Wee Small Hours", "Songs for Swingin' Lovers!" na "Only the Lonely". Hiyo ya pili, ya mwaka 1956, ndiyo iliyokuwa namba moja ya kwanza kabisa chati ya albamu ilipoanzishwa Uingereza Julai mwaka huo.

Inafaa kutua kwenye tarehe 12 Januari 1956, kwa sababu kila okestra inayomuenzi Riddle leo mwisho hurudi hapo. Jengo la mviringo la Capitol lilikuwa bado halijafunguliwa. Kazi ilifanyika studio ya zamani ya Melrose Avenue. "I've Got You Under My Skin" ya Cole Porter ilikuwa imeongezwa kwenye albamu hiyo dakika za mwisho, na inasimuliwa kwamba Riddle alimalizia kuandika akiwa kiti cha nyuma cha gari huku mkewe akiendesha kuelekea studio. Alikuwa akitafuta namna ya kuipandisha okestra kidogo kidogo, kama Ravel alivyofanya katika "Boléro". Akamwendea George Roberts, mpigaji wake wa tromboni ya besi, na Roberts akamkumbusha jinsi tromboni zinavyopishana katika muziki wa Stan Kenton, kila moja ikiingia juu ya mwenzake.

Sikiliza kipande cha katikati, Sinatra anaponyamaza. Tromboni ya besi inaanza chini na kurudia noti zile zile chache. Juu yake inaingia nyingine, kisha nyingine. Fidla zinaning'inia bila haraka. Pale mtu anapodhani chombo kimejaa, Milt Bernhart anapasua kwa tromboni yake, nusu kelele nusu wimbo, na ngoma zinamsukuma kutoka nyuma. Walirudia kurekodi mara zaidi ya 20 usiku ule. Bernhart alieleza baadaye kuwa pumzi yake bora aliimaliza kwenye marudio ya mwanzo. Wanamuziki wa studio, watu waliosikia kila kitu na ambao ni wagumu kushangaa, waliposoma karatasi zile kwa mara ya kwanza walimpigia Riddle makofi.

Makofi hayakuwa mirabaha. Mpangaji alilipwa mara moja kwa kazi aliyoandika. Santuri ikiuza milioni, haimwongezei senti. Riddle, mtu mpole mwenye uso wa huzuni, hakuisahau dhuluma hiyo hadi anazeeka. Aliandika muziki wa tamthilia za televisheni kama "Route 66", "The Untouchables" na "Batman", akapata Oscar kwa filamu ya "The Great Gatsby" ya mwaka 1974, lakini rock ilikuwa imeshawafungia mlango wa studio watu wa aina yake. Aliyeufungua tena alikuwa binti wa rock yenyewe, Linda Ronstadt. Albamu yao ya kwanza, "What's New" ya 1983, iliuzwa Marekani kwa mamilioni. Riddle alifariki tarehe 6 Oktoba 1985, ya tatu ikiwa haijaisha. Nyimbo zilizobaki ziliongozwa na Terry Woodson.

Hapo ndipo historia ya pili inapoanza, ile ya karatasi. Muziki wa aina hii haupigwi kwa kukumbuka. Karatasi zikipotea, imebaki santuri tu. Studio ya filamu ya MGM ilitupa maktaba yake ya noti ili kupata nafasi, na Mwingereza John Wilson alilazimika kuziandika upya kwa masikio, ala baada ya ala, kabla okestra yake haijazipiga kwenye tamasha la Proms mwaka 2009. Karatasi za Riddle zilipata bahati nzuri zaidi. Mwanawe Christopher, naye mpigaji wa tromboni ya besi, alishika okestra ya baba yake mwaka 1986. Mjane wa Riddle alipofariki mwaka 1998, nyumba yao iliuzwa na fedha zikaanzisha kiti cha uprofesa na maktaba ya Riddle katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson. Ilifunguliwa mwaka 2001 kwa tamasha la kazi zake, na Ronstadt akaimba.

Kutoka kwenye karatasi hizohizo, kabla maktaba haijafunguliwa, kiongozi wa okestra Erich Kunzel alipata noti za albamu "Route 66: That Nelson Riddle Sound", aliyoirekodi na okestra ya Cincinnati Pops na kuitoa mwaka 2000. Ni kazi safi, sauti zake zinang'aa. Lakini mipangilio ilipanuliwa ili kila aliyeketi kwenye okestra kubwa apate cha kupiga, na hilo mimi naliona kosa. Ufundi wa Riddle ulikuwa katika kujua nani anyamaze. Ukiujaza ukimya wake kwa fidla 30, umepata uzuri mwingine, si wake. Mwimbaji Rosemary Clooney alimtendea haki zaidi katika "Dedicated to Nelson" ya 1996, akiimba mipangilio ambayo Riddle alimwandikia kwa kipindi chake cha televisheni miaka 40 nyuma. Na mwaka 2025 mwimbaji Seth MacFarlane, akiwa na John Wilson kwenye jukwaa la kiongozi, alitoa albamu ya mipangilio iliyoandikwa kwa ajili ya Sinatra na kubaki kwenye makabati.

Kwa anayetaka kuanza, asianze na albamu za kuenzi. Atafute ile ya 1956, aiache sauti ya Sinatra ipite, afuate tromboni ya besi peke yake kuanzia mwanzo hadi Bernhart anapoingia. Kisha ndipo amsikilize Kunzel, na ahukumu mwenyewe.