Mchana Mrefu na Laika la Mbuzi: Historia Fupi ya Istilahi

Kila istilahi ina mahali ilipozaliwa, na mahali hapo huacha alama ndani yake. Mtafsiri asiyeitambua alama hiyo aweza kuandika sentensi fasaha yenye maarifa potofu. Mfano ulio wazi ni elimu ya mbuzi wa kashmiri, ambayo ilikuzwa katika nchi zilizo mbali na Ikweta.

Mbuzi huyo ana mavazi mawili. La juu ni nywele ndefu na nene. La chini ni nywele laini sana, zenye unene usiozidi maikroni 19, nazo ndizo zifumwazo kuwa kitambaa cha thamani. Katika nchi za kaskazini, nywele hizo laini hukua kwa nguvu baada ya mchana kuanza kufupika mwishoni mwa Juni, hukoma kukua karibu na mwisho wa Desemba, kisha hupukutika baridi inapokwisha.

Sababu yake ilifahamika hatua kwa hatua. Mwaka 1905, Ernest Starling wa London alilitumia neno homoni, kutoka Kigiriki, kwa maana ya kitu kichocheacho. Mwaka 1920, Garner na Allard wa Marekani walionyesha kwamba urefu wa mchana huamua wakati wa mimea kutoa maua. Miaka michache baadaye, William Rowan aliwamulika ndege kwa taa za umeme katika baridi ya Kanada, na viungo vyao vya uzazi vikakua kabla ya majira yake. Mwaka 1958, Aaron Lerner na wenzake waliitenga melatonini kutoka tezi ya pineali ya ng'ombe. Leo twajua kwamba tezi hiyo huitoa melatonini usiku: usiku ukirefuka, muda wa kutolewa kwake hurefuka pia. Mwili huupima mwaka kwa kipimo hicho. Mchana ukirefuka, homoni nyingine, prolaktini, huongezeka katika damu. Ukifupika, hupungua, na vinyweleo vya nywele laini huendelea na kazi. Majaribio ya China na Australia yameonyesha kwamba mbuzi akipewa melatonini wakati michana ni mirefu, nywele hizo huanza kukua mapema.

Sasa na tuihamishe elimu hii hadi Nyahanga, mjini Kahama. Hapo, karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki nusu saa. Ulaanbaatar, Mongolia, hupita saa 7. Mbuzi wa Wasukuma na Wanyamwezi ana nywele fupi, na huweza kuzaa wakati wowote wa mwaka, akitegemea zaidi malisho na mvua kuliko nuru. Hata saa yetu ni ushahidi: watu wanaopata mchana usiobadilika sana waweza kuanza kuhesabu saa alfajiri, wakawa na hakika kwamba jua litatua karibu na saa kumi na mbili.

Hapa ndipo hatari ilipo. Kiingereza hutumia neno moja kwa siku na kwa mchana. Mtafsiri akiandika "siku ndefu", mfugaji atauliza ni siku gani izidiyo saa 24. Kiswahili kimekwisha kutenganisha mambo hayo, basi na tuandike "mchana mrefu". Vivyo hivyo "kiangazi". Kahama, kiangazi ni miezi mikavu, Juni hadi Oktoba. Maelezo ya Australia juu ya majira ya joto huhusu Desemba, wakati ambapo Kahama hunyesha mvua. Anayefuata tafsiri hiyo neno kwa neno atatenda kinyume. Heri kutaja miezi na urefu wa mchana.

Majina ya homoni yana funzo jingine. Prolaktini ilipewa jina kwa sababu ya maziwa, na melatonini kwa sababu ya rangi ya ngozi, ambayo ndiyo Lerner alikuwa akiichunguza. Baadaye zilionekana kuwa na kazi nyingine nyingi. Kama tungaliita ya kwanza "kichochea-maziwa", tungalikuwa leo tukieleza jinsi kichochea-maziwa kinavyopukutisha nywele za beberu.

Tangu Baraza liundwe mwaka 1967, mjadala wa kukopa au kuunda umerudiwa mara nyingi kana kwamba jibu ni moja. Mfano huu waonyesha kwamba majibu ni mawili. Kwa kitu kilichogunduliwa maabarani, ambacho kazi zake bado zafichuka, tukope: homoni, melatonini, prolaktini. Kwa kile ambacho jicho la Mswahili limekiona tangu zamani, tutumie hazina yetu: mchana, tezi, kinyweleo, singa kwa nywele ndefu za juu, na laika, wingi malaika, kwa zile laini za chini. Neno laika hutajwa kwa nywele za mwili wa binadamu, na hakuna kinachozuia limfae mbuzi.

Mfugaji wa Nyahanga hana mbuzi wa kashmiri. Hata hivyo, anasoma vitabu vilivyotafsiriwa kutoka nchi za mbuzi huyo, na ana haki ya kujua ni lipi ndani yake limhusulo.