Viti Vidogo vya Mlingoti wa Mkonge

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Muungano wetu, wengine wataandika habari za mazao, bei na maghala. Sisi tumechagua kuandika habari za viti na vitanda visivyozidi shubiri moja, kwani ndani yake imo historia ya Kilole isiyoonekana katika hesabu za mwaka.

Mkonge si mmea wa asili wa nchi hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo mashamba yakaenea, na reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, bonde letu nalo likaingia katika kazi ya katani.

Mkonge huchanua mara moja, kisha hufa. Ukisha kumaliza majani yake huinua mlingoti wa futi 15 hata 20. Kwa mwenye shamba, mlingoti ulikuwa ishara ya kwamba mmea umekwisha faida. Kwa watoto wa manamba na wa wanakijiji ulikuwa mbao: mwepesi, ganda gumu, kiini laini kikatwacho hata kwa kisu butu.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Matendegu manne ya kitanda yalipimwa kwa kulinganishwa kidole kwa kidole. Matundu yalitobolewa kwa mwiba wa mgunga, mifumbati ikaunganishwa kwa vijiti vya ganda la bua la mahindi badala ya misumari. Kisha kitanda kiliwambwa kwa nyuzi za katani zilizookotwa njiani, mfano wa vile walivyolalia wazee wetu. Aliyekosea kipimo aliona kazi yake ikiyumba, wala hakuhitaji kuambiwa.

Mwaka 1964 nchi ilivuna katani zaidi ya tani 200,000. Baadaye nyuzi za viwandani zilishusha bei, na mashamba mengi yakaachwa bila kukatwa. Milingoti ikasimama kama msitu. Sisi tuliokuwa watoto siku hizo twakiri jambo hili kwa uchungu: wazazi walipokosa kazi, ndipo tulipopata mbao nyingi kupita zamani. Tulifurahi, wala hatukujua tunafurahia nini.

Lakini uchezaji ule haukupotea bure. Wako mafundi wa samani miongoni mwetu waliojua kiungo cha mguu na kiti kwa milingoti kabla ya kukabidhiwa mninga. Ubao wa mninga ukiharibika, fundi huingia hasara. Mlingoti ukiharibika, mtoto huokota mwingine. Samaki mkunje angali mbichi, nao wenzetu walikunjwa bila mtu kudaiwa senti.

Siku hizi vitu vya kuchezea vya plastiki vinauzwa sokoni, navyo hununuliwa vikiwa tayari. Hatuwalaumu wazazi. Twawaomba wanachama jambo moja: mnaposafisha mashamba, msichome milingoti yote. Waachieni watoto michache, na katika siku ya mkutano mkuu watengewe meza ya kuonyesha kazi zao.

Juu ya kabati la vitabu vyetu vya hesabu kipo kiti kimoja cha namna hiyo, chenye mguu mfupi. Twaomba kisirekebishwe, ili kila aingiaye akumbuke kwamba ufundi wa mahali hapa ulianza kwa kukosea.